Alama Aliyoiulizia Mzee Kasanda

Siku niliyokabidhi funguo za masjala, yule binti aliyepokea kazi yangu aliniuliza swali huku akinikunjia kanga niliyopewa ya kuagwa. "Mama Zuhura," alisema, "enzi zenu sheria ilikuwa inasema ukatili wa mume kwa mke ni kitu gani hasa?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu gari lilikuwa linanisubiri, na jibu lile la kifupi limenikera tangu siku hiyo. Sasa sina gari linalonisubiri, kwa hiyo nawaandikia jibu refu, yeye na wenzake wote wanaoingia kazini. Mimi si mwanasheria. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na sheria nyingi nilizozijua nilizijua kwa kuona zilivyowapata watu.

Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru, watemi walipokuwa wamekwisha kuvuliwa madaraka na mabaraza yao kugeuzwa mahakama za mwanzo. Mahakama yetu ilikuwa upande wa Goweko, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, katika jengo lilelile la baraza la mtemi lililopakwa chokaa upya. Kiti cha mtemi kilikuwa bado kipo. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukitoa wala wa kukikalia, basi tukawa tunaweka mafaili juu yake. Mimi nilikuwa mtoto wa Tabora mjini, wa Gongoni, baba yangu fundi cherehani, na siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino kirefu ambavyo mchanga wa kule ulivimaliza mapema sana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mrisho, karani mkuu, mtu mkavu aliyekuwa karani tangu baraza la mtemi na ambaye alizungumza nami kana kwamba kila neno linatoka mfukoni mwake. Alinifundisha kuchovya kalamu bila kudondosha wino, kuandika samansi, na kumtuliza mlalamikaji kwa kumuuliza kwanza habari za mvua. Jambo moja alilirudia mpaka nikalichoka. "Bi Zuhura, andika alichosema, usiandike ulichoelewa. Na akinyamaza, andika kwamba amenyamaza. Kimya nacho ni jibu." Wakati ule niliona ni ushamba wa mtu mzima anayetaka kujaza kurasa.

Hakimu alikaa na wazee wawili wa baraza, washauri wake, na maoni yao yalikuwa na uzito. Mmoja wao alikuwa Mzee Kasanda. Alikuwa mkulima mwenye heshima zake, mpole kwa wajukuu, asiyekula rushwa hata ya yai, nami nilimpenda. Lakini kila mwanamke aliyefika kulalamika kwamba mumewe amempiga, Mzee Kasanda alimwuliza swali lilelile: "Alama iko wapi?" Kama kulikuwa na jeraha, mkono uliovunjika au jicho lililoziba, aliguna na kusema mume amevuka kiasi. Kama hakukuwa na alama, alisema mume alikuwa anamrudi mkewe, na hilo ni jambo la nyumbani.

Sheria iliyoandikwa, wadogo zangu, haikusema hivyo. Kulikuwa na kosa la shambulio na kosa la kudhuru mwili, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mume amesamehewa. Lakini neno "kiasi" lilikuwa limekaa vichwani mwa watu tangu enzi na enzi, likaingia mahakamani pamoja na wazee wetu na kukaa kwenye benchi lao. Kwa hiyo wanawake walijifunza kuja upesi, kabla uvimbe haujashuka. Nimewahi kumwona mama wa watu amekimbia njia nzima akiwa ameshika shavu lake ili lisije likapona kabla hajafika. Matarishi walicheka. Mimi nilikwenda uani nikalia.

Nyamizi alikuja mara ya kwanza mwaka mmoja hivi kabla ya Azimio la Arusha. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, ameolewa karibuni na Maganga, mkulima wa tumbaku, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga wa kike aliyeitwa Kabula. Alisimama mbele ya meza yangu akasalimu kwa Kinyamwezi. Bibi yangu mzaa mama alikataa maisha yake yote kusema Kiswahili ndani ya nyumba, kwa hiyo nilimjibu kwa lugha yake, naye akashusha pumzi. Mgongo wake, chini ya pale mtoto alipofungwa, ulikuwa na michirizi ya fimbo. Mzee Kasanda aliuliza alama, akaoneshwa, akaguna. Maganga alitozwa faini, akalipa bila ubishi, akamchukua mkewe wakaondoka. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na alituaga wote kwa mikono miwili.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa, ile ya mwaka sabini na moja. Wakati huo Mzee Mrisho alikuwa amestaafu na tulikuwa na hakimu mpya, mtu wa haki lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hata ikawa yeye anasema na mimi ninaandika. Tulitumwa vijijini kuisoma sheria kwenye mikutano. Mimi nilisoma, yeye akaeleza. Nilipofika pale panaposema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu, hata kama mila inaruhusu, wanaume walitazamana. Mwanamume mmoja akanyanyua mkono.

"Ndugu Hakimu, na yeye akinipiga mimi je?"

"Naye hana haki hiyo."

"Basi hapo sawa," alisema, watu wakacheka, na wanawake walicheka kuliko wote. Nilirudi siku ile nimeketi nyuma ya baiskeli ya tarishi, nimefurahi kama mwari. Niliamini kazi imekwisha. Kwenye mkutano mmojawapo nilikuwa nimemwona Maganga amekaa mbele kabisa, mikono magotini, anasikiliza kila neno.

Miaka michache baadaye watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Sitaki kuzungumzia siasa yake, wapo wanaoijua. Nasema tu kwamba zamani Nyamizi alikaa karibu na kaka zake, na kijiji kipya kilipopangwa kwa mistari, kaka zake waliangukia kijiji kingine. Siku moja asubuhi alikuja tena mezani kwangu. Sikumtambua mara moja, kwa jinsi alivyokonda. Nikamkaribisha akae, nikamwuliza habari za mvua kama nilivyofundishwa, kisha nikamwuliza kama amepigwa tena.

"Hanipigi, dada," alisema. "Aliacha tangu mlipokuja kuisoma ile sheria. Aliisikia vizuri kuliko wote."

Nikamwuliza kilichomleta. Alisema taratibu, akiangalia sakafu. Ghala limefungwa kufuli na ufunguo anao Maganga, unga anapimiwa kwa kikombe mbele ya majirani ili waone kwamba anapewa. Analala kwenye bani, kule tumbaku inakokaushwa kwa moto, hata msimu usio wa tumbaku, kwa sababu mumewe anasema harufu ya mwili wake inamuudhi. Nguo zake zimechomwa isipokuwa alizovaa. Haya yote aliyasema bila kutikisika. Kisha akasema kwamba Maganga amemkataza Kabula kumwitikia. "Nikimwita haitiki. Anapita hivi, kama mimi ni mlango." Hapo ndipo alipoinua kanga akajifunika uso.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo jibu la yule binti lilipo. Sheria ile haikuishia kwenye kupiga. Mbele zaidi, kwenye sehemu ya talaka, ilisema mke au mume anaweza kuonesha kwamba ndoa imevunjika kwa sababu ya ukatili, uwe wa mwili au wa akili. Maneno hayo yalikuwemo toka mwanzo. Mikutanoni hatukuyasoma, kwa sababu tuliagizwa kufundisha ndoa na si kuachana. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua ukatili ni mkono na fimbo, na Maganga, aliyekuwa msikivu, akaweka fimbo chini na kuendelea na mengine.

Hakimu alimsikiliza akasema shauri lipo. Lakini kabla mahakama haijapokea ombi la talaka, wanandoa lazima wapite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza likishindwa litoe hati kwamba limeshindwa. Sheria iliacha mwanya mdogo kwa hali za pekee, nami nilimkumbusha hakimu, akasema akiutumia kwa mtu asiye na jeraha, mahakama ya wilaya italitupa shauri lote na Nyamizi atakuwa amepoteza hata kidogo alichonacho. Sikumpenda siku hiyo, lakini sikuweza kusema amekosea. Nyamizi akarudishwa kijijini kutafuta hati.

Wazee wa mabaraza yale walikuwa na desturi yao. Walikwenda nyumbani kwa waliogombana, wakazungumza nao wawili pamoja, kisha mke akaingia jikoni kupika ugali, na kama palikuwa na kuku akachinjwa. Mume na wazee wakanawa, wakala sahani moja. Mke akiwa amepika na mume amekula, suluhu imepatikana, Baraza linafunga shauri. Sijui ilianza wapi. Nadhani zamani, mke alipokuwa akipika kwa hiari mbele ya ndugu zake waliokuja kumtetea, ilikuwa na maana. Kwa Nyamizi hapakuwa na ndugu, na unga wenyewe ulipimwa na Maganga, siku hiyo akiupima kwa ukarimu. Alipika. Mwanamke wa kwetu atakuwa na machungu yote ya dunia, lakini mgeni akiketi nyumbani kwake hawezi kumwacha na njaa. Wazee walikula wakashukuru, na Mwenyekiti wa Baraza akatangaza kwamba kijiji chetu cha ujamaa hakina ndoa iliyoshindwa.

Alirudi kwangu, akatumwa tena, akapika tena. Nilikwenda mwenyewe kumwona Mwenyekiti, nikamwamkia kwa adabu, nikamwambia mama yule anahitaji hati. "Mwanangu," alinijibu, "juzi nimekula kwake kuku mtamu sana. Hiyo nyumba ina amani." Alisema kwa nia njema, na ndiyo maana nilitamani kumtikisa. Nilirudi nikamweleza Nyamizi alichosema Mwenyekiti, neno kwa neno. Alinitazama kwa muda. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Safari iliyofuata wazee walimkuta ameketi kwenye kigoda, mafiga yamepoa.

"Mama, moto uko wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Leo siwashi."

"Na sisi wageni tutakula nini?"

"Mtakula nilichokula mimi jana."

Walingoja mpaka jua likawapiga utosini. Maganga aliomba radhi kwa niaba ya mkewe, kwa sauti yake ile ya chini, na Kabula alisimama nyuma yake. Wazee waliondoka wamekasirika, na kwa hasira hiyo wakaiandika hati: suluhu imeshindikana kwa sababu mke amekataa kupikia Baraza. Nyamizi aliniletea imefungwa kwenye pindo la kanga. Kufungiwa unga hakukuwa kumewafanya waone ndoa imevunjika, wala kulazwa kwenye bani. Walichokiona ni kwamba wamekosa chakula cha mchana. Nilicheka pale mezani, cheko baya, naye akacheka pamoja nami, kisha nikaipokea nikafungua shauri.

Siku ya kusikilizwa, Maganga alimleta Kabula awe shahidi wake, aseme kwamba nyumbani kuna chakula na hakuna ugomvi. Mtoto alikuwa amevaa gauni jipya, amesukwa vizuri. Maganga alijieleza kwa mpangilio. Hajampiga mkewe tangu sheria ilipokuja, na aliwataja majirani watakaothibitisha. Ilikuwa kweli. Nyamizi naye alieleza yake, na kila alilotaja lilipomtoka mdomoni lilionekana dogo: kikombe, kufuli, moshi. Niliyaandika polepole, kwa sababu nilijua swali linalokuja.

Mzee Kasanda alijisogeza mbele. Alikuwa amezeeka sana. "Mama, sisi tumekusikia," alisema. "Lakini alama iko wapi?"

Nyamizi alinyoosha kidole upande wa pili wa chumba. "Alama yangu imekaa pale, karibu na baba yake. Naomba mniruhusu nimwite mwanangu, mara moja tu."

Hakimu akaruhusu.

"Kabula," aliita.

Nyinyi mliolelewa huku hamhitaji kuambiwa. Mtoto wa kike akiitwa na mama yake huitika abee kabla hajajua anaitiwa nini, hata akiwa usingizini, hata akiwa amenuna. Kabula alimtazama baba yake. Maganga alikuwa anaangalia dari.

"Kabula, mwanangu."

Chumba kilikuwa kimejaa watu, wote wamemgeukia mtoto. Hakimu, ambaye kwa macho yake asingeweza kuuona uso wa mtoto toka pale alipoketi, akageuka kwangu. "Karani, amejibu nini?"

"Hakuitika, Mheshimiwa."

"Andika."

Nikaandika. Mzee Mrisho alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na nilimkumbuka kwa nguvu sana.

Mzee Kasanda aliinuka kwa taabu, akiegemea benchi. Nadhani alitaka kuwa na hakika kwamba mtoto si kiziwi. Akaita kwa sauti ya babu anayetaka kuletewa maji. "Kabula."

"Abee, babu," mtoto aliitika papo hapo, na kupiga goti kama alivyofundishwa.

Mzee alibaki amesimama. Nilimwona akimtazama yule mtoto aliyepiga goti, kisha Nyamizi, kisha Maganga. Akakaa. Alipotakiwa kutoa maoni alisema maneno machache tu. "Nimekuwa nikiuliza alama tangu nilipokaa kwenye benchi hili. Leo nimeoneshwa, na ningependa nisingeiona. Mwacheni mama huyu aende." Baada ya shauri lile aliendelea kuja mahakamani mpaka alipostaafu, lakini swali lile sikumsikia akiliuliza tena.

Hakimu alivunja ndoa kwa ukatili wa akili. Kwa mahakama yetu lilikuwa shauri la kwanza la namna hiyo, na wilayani halikutupwa. Ningependa niishie hapo, niwaache mkifurahi. Lakini lilibaki suala la mtoto. Sheria ilisema mtoto mwenye umri wa kuweza kutoa maoni yake asikilizwe, na mila nazo zitazamwe. Kabula aliulizwa anataka kukaa na nani. Akasema kwa baba. Sheria ileile iliyokisikia kimya chake ikamwamini aliposema, na mila ikaitikia upande huohuo. Mpaka leo najiuliza ni nani aliyejibu pale, mtoto au baba yake, na nina hasira kwa jambo ambalo sijui tungelifanya vipi vingine. Nje, Nyamizi alimwita tena kwenye ngazi. Yule mtoto alipita, gauni lake jipya likamgusa mama yake, akaenda.

Nyamizi alihamia Igalula kwa shangazi yake, akawa anauza mihogo ya kuchemsha na karanga stesheni. Kila nilipokwenda mjini kwa treni nilifungua dirisha nimtafute. Alinenepa kidogo, alicheka na abiria, na aliniletea mihogo kwenye gazeti akikataa hela. Swali lake lilikuwa moja. "Kabula hajawahi kupita pale kwenu?" Nilimjibu bado. "Basi akipita," alisema, na treni ikaanza kuondoka. Kila safari tulifika hapohapo. Nilihamishiwa mahakama ya mjini, sukari ikaadimika, vita vikaja vikaisha, na kila nilipopita Igalula alikuwa bado anauliza.

Mwaka ule Mwalimu alipokuwa akijiandaa kung'atuka nikaletewa habari kwamba Nyamizi amelazwa Tabora mjini. Alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi umelala. Nilikuwa nikienda kumlisha uji baada ya kazi. Jioni moja nilikuta msichana amesimama mlangoni mwa wodi, mtoto mgongoni, mikono imeshika pindo la kanga. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa na uso wa Nyamizi wa siku ile ya kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema. "Tumemzika baba. Nimeambiwa mama yangu yuko hapa."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye yule, karibu na dirisha."

Hakusogea. "Hajaniita?"

Nikamweleza kwamba mama yake hawezi kuita tena. Kusikia anasikia, macho yanaona, lakini sauti haitoki. Kabula alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akatembea mpaka kitandani, akamfungua mtoto mgongoni na kumlaza pembeni mwa bibi yake, akapiga goti kwenye sakafu ile ya saruji.

"Abee, mama," alisema.

Nyamizi alimtazama kwa macho yaliyofunguka wazi. Mdomo wake ulisogea upande mmoja, na hakuna kilichotoka. Kabula akangoja kidogo, kama mtu anayeitwa kwa mbali, akaitika tena.